Mlango wa Mdogo Wangu

Hakuna fundi mjinga kama mimi, na nasema hivyo nikiwa na miaka thelathini ya useremala mikononi.

Mdogo wangu, kinyozi, alipigwa risasi tatu nyumbani kwake saa nne asubuhi, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Askari walikuwa wanamtafuta mwizi, wakakosea nyumba. Shemeji yangu alikuwa sokoni. Walipousukuma mlango komeo likang'oka, wakaona ni nani, wakaondoka na maiti mbiombio kama watu waliomwaga chai kwenye zulia la wenyewe.

Wenzangu huenda msibani na leso. Mimi nilikwenda na boksi la vifaa. Mlango ule niliuchonga mwenyewe, zawadi ya harusi yao. Ulikuwa na matundu matatu usawa wa kifua, na kwa ndani mbao ilikuwa imechanika vibanzi. Mama alikuwa njiani, anafika kesho yake. Nikaapa mama haingii kwa mlango huo. Nilichanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba, nikapiga msasa mpaka kiganja kikawa hakikwami popote, nikarudishia komeo, nikapaka rangi pande zote mbili. Shemeji alinishikia kopo huku analia. Hakuna aliyepiga picha. Nani hupiga picha mlango siku ya msiba?

Wiki tatu baadaye askari aliyefyatua risasi akaandika maelezo yake: mlango ulikuwa wazi, na kinyozi alimrukia na wembe.

Wakili wa serikali, mama mmoja wa sauti ya chini, alikuja kwenye karakana yangu. Nilipomsimulia habari ya matundu, uso ulimnawiri.

"Basi kesi tunayo. Risasi haitoboi mlango ulio wazi. Haya, twende ukanionyeshe."

"Nimeshayaziba, mama."

"Umeyaziba?"

"Vizuri kabisa," nilijibu, kisha nikasikia nilichosema.

Aliketi juu ya rundo la mbao, vumbi na yote.

Hata hivyo tuliubeba mlango mpaka mahakamani. Jaji alishuka kitini, akapitisha kiganja juu, chini, nyuma.

"Yalikuwa wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Sioni kitu."

Niliomba patasi nifukue mbele yake. Wakili wa askari akainuka akitabasamu. "Mheshimiwa, fundi wa namna hii ukimpa patasi atakutolea tundu lolote analolitaka."

Watu wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilijisikia nimesifiwa. Jaji alikataa patasi, na askari aliachiwa siku ya hukumu, akapita mbele yetu akirekebisha mkanda.

Mama alikuwa amesikia habari ya matundu ya mlango mahakamani kwa mara ya kwanza. Tulipourudisha mlango kwenye bawaba zake, ndipo akaniuliza.

"Uliyaziba kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mama. Sikutaka uyaone."

"Mimi nilimwosha, mwanangu. Niliyaona mwilini mwake. Mbao ndiyo ingeniogopesha?"

Mama aliinama, akachukua patasi kwenye boksi, akaniwekea mkononi.

"Yafungue."

"Kesi imekwisha, mama. Hayatusaidii tena."

"Yafungue," akasema. "Anayepita hapa aone."