Glovu Zenye Lebo

Kwaruu. Kimya. Kisha kwaruu tena, kama ukucha wa mtu anayetaka kumwamsha mmoja tu kati ya waliolala.

Brenna alifumbua macho gizani akasikiliza. Kwanza alidhani ni panya. Halafu akadhani ni mumewe anakwangua ukoko wa sufuria, wazo alilolifukuza papo hapo, maana Wendell alikuwa ubavuni pake anakoroma, na isitoshe Wendell na masufuria hawakuwa wamezoeana kiasi hicho. Akajitupia shali mabegani, akaifuata ile sauti hadi chumbani kwa bintiye.

Dirishani kulikuwa na mgeni. Tawi la mberi wa porini, nene kama kidole gumba, lilikuwa limetoka kule uwani, likavuka majani, likapanda ukuta, na sasa kila upepo ulipopita lilikuwa linakwaruza kioo kwa miiba yake, polepole, bila haraka yoyote, kama linalojua kuwa hakuna wa kulizuia.

Opal alikuwa ameketi kitandani, sungura wake wa kitambaa kifuani.

"Umeogopa, mama?" Brenna alimuuliza.

"Hapana. Ni mberi tu. Unataka kuingia."

"Leo Baba ataukata. Tena atakata mpaka aifikie bembea yako. Leo Jumamosi, haendi kazini."

"Haidhuru, Mama," alisema Opal kwa upole, kama mtu mzima anayekataa kipande cha mwisho cha keki nyumbani kwa watu. "Si lazima."

Brenna alisimama pale na shali lake. Majira yote ya kupukutika majani mtoto huyu alikuwa akiuliza kila asubuhi, "Leo ndiyo leo?" Majira ya baridi aliuliza kila Jumamosi. Sasa hakuuliza kabisa. Alikuwa hajafikisha hata umri wa kufunga kamba za viatu vyake, na tayari alikuwa amejifunza kumpunguzia baba yake ahadi.

Katika bonde la Willamette kila mwenye nyumba anaijua miberi, vile vichaka vya miiba vyenye matunda meusi. Ukiilea kiangazi kimoja, inachukua ua. Ukiilea cha pili, inaulizia chumba cha kulala. Wendell alijua hayo vizuri kuliko wengi, kwa kuwa alikuwa amesoma. Kiangazi kilichopita, miberi ilipoufikia mtofaa ambao yeye mwenyewe aliufungia bembea ya binti yake, alisimama kibarazani, mikono kiunoni, akatangaza kwamba mtu haingii kwenye miiba mikono mitupu. Lazima glovu. Na mtu hanunui glovu hivi hivi, kama anayenunua viazi. Anafanya utafiti.

Basi akafanya utafiti. Alisoma maoni ya wanunuzi kwenye simu wakati wa kifungua kinywa, alisoma msalani, alisoma kanisani wakati wa tangazo la chakula cha pamoja. Mama mmoja wa Arizona alizipa glovu fulani nyota tano kwa sababu zilimsaidia kumwogesha paka. Bwana mmoja wa Ohio alizipa hizo hizo nyota moja kwa sababu wiki ile glovu zilipofika ndiyo wiki mkewe alipomwacha. Wendell aliyatafakari yote mawili kwa uzito ule ule. Kisha alianza kuagiza. Kila jozi ilipofika aliivaa sebuleni, akakunja ngumi, akapeana mkono na mguu wa meza, akatikisa kichwa, akairudisha dukani na lebo yake ikining'inia. Huko kila kitu kinarudishwa, mradi lebo ipo na bidhaa haijachafuka. Miberi nayo ilikuwa hairudishwi popote. Ilikuwa inakua.

Asubuhi hiyo, kwenye pankeki, Brenna hakuzunguka mbuyu.

"Wendell, leo tunakwenda dukani, tunanunua glovu, tunarudi, unakata."

"Mpenzi, nimebakiza aina mbili tu za kulinganisha."

"Tutazilinganisha huko huko. Vaa viatu."

Wendell alitii, lakini si mikono mitupu. Alitoka uwani na koleo ya jikoni, ile ya kugeuzia nyama, akabana kipande cha tawi la mberi, akakitumbukiza kwenye mfuko wa mkate. Brenna aliona, akaamua kuokoa pumzi yake kwa ajili ya mbele.

Dukani, kwenye ukuta wa glovu, Wendell alisimama kama mtu aliyefika kuhiji. Msichana wa duka, mwenye msuko mmoja mrefu na tafuno la ubani mdomoni, alimkaribia.

"Samahani, kaka. Hicho kwenye mfuko wa mkate ni nini?"

"Sampuli."

"Sampuli ya nini?"

"Ya adui," alisema Wendell, akakitoa.

Adui hakungoja kutambulishwa. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kigari chenye maua alinaswa sweta.

"We bwana, niachie!"

"Si mimi, mama, ni tawi."

"Basi liambie liniachie! Sweta hili kanifumia dada yangu!"

Ikabidi msichana wa duka apige magoti kulinasua sweta, uzi mmoja mmoja, huku Wendell akimweleza kwamba mwiba wa mberi umepinda kwa nyuma, ndiyo maana ukivuta unazidi kuingia. "Naona," alisema msichana akinyonya kidole chake. "Naona kabisa, kaka."

Brenna alitumia nafasi hiyo. Alivaa glovu za kitambaa zenye mpira kiganjani, akajigusisha tawi mgongoni mwa mkono: mwiba ukapita kama mtu anayeingia kwake. Akazirudisha. Akavaa za ngozi ya ng'ombe, nene kama soli ya kiatu. Hakuna mwiba uliopita, lakini hakuna kidole kilichokunjika pia. Mkasi wa matawi alioushika kuzijaribu ulimponyoka ukaangukia kiatu chake. Akazirudisha. Mwisho akachukua za ngozi ya mbuzi, laini, mikono yake mirefu kufika kiwikoni. Akakunja ngumi. Akakunjua. Akachomoa funguo za gari mfukoni bila kuvua. Akajigusisha tawi kiganjani, mgongoni, kwenye kifundo cha mkono. Hakusikia kitu. Akatafuta saizi ya mumewe.

"Hizi hapa."

Wendell alitoa simu. Uso ukamshuka. "Hizo zina nyota tatu na nusu."

"Kwa nini?"

Alisoma. Akakohoa kidogo. "Kuna mtu anasema rangi yake si ya manjano kama kwenye picha."

"Wewe unataka kukata miberi au kuipendeza?"

Msichana wa duka alicheka mpaka ubani ukamtoka. Glovu zikanunuliwa.

Walipofika nyumbani jirani yao Harlan, mstaafu mwenye kofia isiyotoka kichwani hata mbele ya wageni, alikuwa tayari ameegemea uzio na kikombe chake cha kahawa. Harlan alikuwa mshauri mkuu wa Wendell katika suala hili lote.

"Jirani! Umezipata?"

"Mbuzi," alisema Wendell.

"Mbuzi!" Harlan alilitamka kama mtu aliyesikia bintiye anaolewa na ukoo asioujua. "Haya. Mbuzi nao ni watu. Zangu mimi ni za kulungu, unazijua. Ziko kule kwenye banda la gari, nimezitundika chini ya taa."

"Zinakata vizuri?" Brenna aliuliza.

"Kukata! Dada yangu, zile hazijawahi kuguswa na mwiba hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Mungu apishe mbali."

Brenna aliingia ndani kuosha vyombo vya pankeki, akamwacha mumewe na mkasi mkubwa wa matawi. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Kupitia dirisha la jikoni alimwona Opal kibarazani, amevaa mabuti yake ya mvua, amekaa na sungura wake, hatazami upande wa mtofaa. Alikuwa anatazama konokono.

Halafu Brenna akamtazama mumewe, na sahani ikamsimama mkononi.

Wendell alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa miberi unaomzidi kimo. Alinyoosha mkono, akashika jani moja kwa ncha za vidole viwili, akalikata, akaliweka chini. Akarudi nyuma hatua moja. Akanyoosha mkono tena, jani la pili. Na mikononi mwake hakukuonekana glovu zozote. Kulionekana soksi.

Brenna akatoka na sahani yake inayochuruzika maji.

"Wendell. Hizo soksi za nini?"

"Zisichubuke."

"Nini kisichubuke? Mikono?"

"Glovu." Akamwonyesha: ndani ya soksi za sufu mlikuwa na ngozi ya mbuzi, na kwenye kifundo cha mkono lebo ilikuwa inaning'inia, safi kama ilivyotoka dukani. "Nikiona hazifai tunaweza kuzirudisha. Zikipata mkwaruzo, basi tena, hazipokelewi."

"Kwa hiyo glovu zinakulinda wewe, na wewe unazilinda glovu."

"Kwa sasa tu."

"Na soksi? Hizo nani anazilinda?"

Kahawa ilimpalia Harlan kule uzioni. Wendell aligeuka mwekundu, akaanza kueleza habari za masharti ya duka, lakini Brenna hakucheka naye. Aliiweka sahani kwenye majani, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, Harlan asisikie.

"Asubuhi nilimwambia mtoto leo utaifikia bembea yake. Unajua alinijibu nini?"

"Alifurahi?"

"Alisema haidhuru. Alisema si lazima. Wendell, mtoto anakuonea huruma."

 Wendell aligeuza kichwa kuelekea kibarazani. Opal aliinua macho kutoka kwa konokono, akaona baba yake anamtazama, akampungia mkono na kutabasamu: tabasamu la adabu, la kumtia moyo mtu ambaye hutarajii kitu kwake. Pengine Wendell alikuwa ameliona tabasamu hilo miezi mingi bila kulisoma. Hapa hapakuwa na nyota za kumsaidia.

Alivua soksi ya kwanza. Akavua ya pili.

"Opal," aliita. "Una ule mkasi wako wa shule?"

Opal alipapasa ndani ya mfuko wa koti lake, maana mkasi ule wenye ncha butu hakuachana nao. Akaja mbio, mabuti yakipiga kelele kwenye majani yaliyolowa.

"Kata hapa." Wendell alimnyooshea mkono, lebo juu.

"Mama amesema tusikate vitu vipya."

"Kata tu, mama," alisema Brenna.

Opal alitoa ulimi nje, kama alivyofanya kila alipokata kitu cha maana, akakikata kile kiuzi. Lebo ikaanguka kwenye matope, upande wa bei chini. Wote wanne waliitazama, Harlan akiwa amevua kofia.

"Basi umekwisha, jirani," alisema. "Sasa ni zako."

Mkwaruzo wa kwanza ulikuja mara moja, mstari mweupe mgongoni mwa mkono wa kulia. Wendell aliutazama kama mtu anavyotazama gari jipya lililogongwa. Wa pili aliutupia jicho. Wa tatu hakuuona, kwa sababu alikuwa amekwisha kuingia mpaka mabegani, anakata mashina karibu na ardhi, anavuta matawi marefu na kuyatupa nyuma, na Brenna anayakokota kwa reki kuyarundika. Mwiba ulimpasua shati. Mwingine ulimchukua kofia ukabaki nayo. Mikono yake, kutoka vidoleni hadi kiwikoni, haikupata hata tone la damu. "Mbuzi!" alipiga kelele toka ndani ya kichaka. "Harlan, unaona mbuzi?"

 Harlan alikuwa amepotea uzioni. Aliporudi alikuwa amevaa za kulungu, anatembea mikono mbali na mwili kama mtu aliyebeba vikombe viwili vya supu. Alisimama penye miiba, akapumua, akashika tawi moja zima. Akafumba macho. Akalivuta.

Mvua ya rasharasha ilikuja ikapita. Mchana ukiwa umeegemea upande, Wendell alikata tawi la mwisho lililouzunguka mtofaa, na bembea ikajitokeza: ubao wake umeota kuvu kijani, kamba zake zimeloa, lakini ipo, inaning'inia pale pale alipoifunga. Brenna alizivuta kamba kwa uzito wake wote, akakaa mwenyewe, akabembea mara moja, tawi la mtofaa likalalamika kidogo likanyamaza. Akapangusa ubao kwa upindo wa shati lake.

Opal alikuja taratibu, akipita kwenye njia iliyokatwa kama anayeingia nyumba ya watu. Alimkabidhi Brenna sungura. Akakwea ubao, akashika kamba mbili, akakaa wima, miguu haigusi chini.   Wendell alisimama nyuma ya mtoto, majani nyweleni, glovu zimejaa makovu, haelewi kama anaruhusiwa.

Opal hakugeuka. Alivuta pumzi, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani:

"Baba, nisukume."