Kispika cha Maneno

Wanyonyi alipofungua boksi la kwanza sebuleni kwake Bungoma, mkewe Nelima aliona kispika kidogo, si kikubwa kuliko mche wa sabuni, akajua amechezewa. Boksi la pili likatoa kingine cha ukubwa huohuo. Damu ikamchemka.

Asubuhi ile walikuwa pamoja Kitale, dukani kwa Mathenge, naye aliwawashia muvi kwa seti mbili za spika. Ya kwanza ilikuwa stirio: spika mbili kubwa za kuwekwa mbele, basi. Ya pili ilikuwa ya sauti ya kuzunguka: vispika vitano vya kutawanywa chumba kizima, na wufa ya kutetemesha sakafu. Nelima hakutaka kusikilizia kwenye kochi la dukani. Alikwenda kusimama stoo, nyuma ya mlango, akafumba macho. Ile ya kuzunguka ilimletea mabomu matupu. Stirio ilimletea maneno, moja baada ya jingine.

"Hii," alisema.

"Sawa, Mama Joy, nimesikia," Wanyonyi aliitikia. Nelima akaenda sokoni kununua vitunguu, mumewe akabaki kufungiwa mzigo. Kumbe Nelima alikuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Stoo hakwenda kwa kupenda vumbi. Mama yake, Nakhumicha, alikuwa ametoka kijijini kwake, Kwanza, kuja kutibiwa presha ya macho, na macho yenyewe yalishabakia kuona ukungu tu. Muvi za Kiswahili ndizo zilizomchangamsha jioni. Lakini mama mkwe wa Kibukusu haketi chumba kimoja na mume wa bintiye, hilo halina mjadala. Kwa hiyo Nakhumicha alilala chumba cha nje, na jioni aliketi jikoni, nyuma ya pazia, akisikiliza. TV ilikuwa na sauti ya mbu. Ndiyo sababu wakaenda Kitale, na Wanyonyi aliijua sababu hiyo vizuri sana.

"Si ulisema sawa?" Nelima alimuuliza.

"Stirio ni ya wazee bana! Hii, helikopta inapita juu ya kichwa mpaka unainama!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Mwanamume alivuta makochi kutoka ukutani, vitambaa alivyofuma Nelima kwa mkono vikaanguka, akavikanyaga bila habari. Alipachika vispika viwili nyuma ya kiti chake, viwili pembeni mwa TV, na cha tano, kile cha kutoa maneno ya watu, chini ya TV. Akawasha. Vikombe vikatetemeka kabatini.

Kutoka jikoni Nakhumicha aliuliza, "Nelima, watu wa leo hawaongei? Nasikia vita tu."

"Baba Joy, punguza hiyo wufa. Mama hasikii."

Wanyonyi hakugeuza hata shingo. "Si aingie hapa akae basi? Ati nani amemkataza?"

Alisema kwa sauti, mtu mzima aliyepeleka ng'ombe kwa wakwe na anayejua mila kuliko jina lake! Jikoni kiti kikasogezwa.

"Kesho nitarudi Kwanza, mwanangu," Nakhumicha alisema. "Haya macho ni uzee tu."

Na kliniki walikuwa wamemwambia wazi kwamba akiacha matibabu, hata huo ukungu hatauona tena. Nelima alitamani kumrukia mumewe shingoni.

Asubuhi alimsihi mama asiondoke bado. Wanyonyi alipokwenda kazini, Nelima alinunua waya mrefu, akaunganisha kile kispika cha tano, akapitisha waya chini ya pazia na kukiweka kispika mezani jikoni, karibu na sikio la mama. Waya aliukaza barabara.

Jioni Wanyonyi aliketi kitini pake kama chifu. Upepo ukavuma nyuma yake, helikopta ikapita, milango ikagongwa. Watu wakafungua midomo, na maneno hayakutoka. Debe tupu haliachi kuvuma. Jikoni, Nakhumicha aliangua kicheko.

Wanyonyi alibonyeza rimoti, akazima, akawasha. Kicheko kingine kikatoka jikoni.

"Mama Joy, wanasema nini?"

"Muulize mama."

Alikaa, akavumilia, akashindwa. Alipunguza sauti, akasimama kando ya pazia, akakohoa. "Mama, samahani. Huyo mzee amemwambia bibi yake nini?"

"Si uingie huku ukae basi, mkwe wangu?" Nakhumicha alijibu. "Ati nani amekukataza?"

Wanyonyi alipeleka mkono karibu na pazia, akaurudisha, kisha akarudi kitini. Helikopta ikapita tena juu ya kichwa chake. Hakuinama.

Nelima alimmiminia mama chai. "Kliniki ni Alhamisi," alisema.

"Tutaenda," mama alijibu. "Haya, nyamaza. Wanaongea."