Usimzime, Mlaze

Bwanaheri alifia ughaibuni, akazikwa hukohuko, na kilichorudi Mbuchi kwa mama yake, Bi Fatu, kilikuwa begi la nguo na laptopu moja nzito ajabu. Rafiki aliyeileta alimwambia Subira, mdogo wa marehemu, jambo moja tu: ndani yake mna sauti ya kaka yako. Alikuwa amejirekodi salamu za mama, maradhi yakamkatiza kabla hajazituma.

Basi! Ukishamwambia Bi Fatu neno kama hilo, umemnyima usingizi. "Nataka kumsikia mwanangu," ndiyo ikawa kauli yake asubuhi na jioni. Na miguu ilikuwa imemvimba, boti hapandi, barabara haiwezi. Sauti ndiyo imfuate alipo.

Tatizo lilikuwa betri, iliyokuwa imezeeka kuliko wote pale nyumbani. Subira aliipeleka laptopu Kibiti kwa Muhidini, fundi aliyekuwa na kompyuta zake dukani kwa umeme wa jenereta. Kwenye waya ilifanya kazi bila taabu. Lakini ukiizima, ukachomoa waya, ukaja kuiwasha tena, kule kuwaka kwake tu kulimaliza betri yote. Hujafungua kitu, kioo kimeshakuwa cheusi. Na Mbuchi enzi hizo umeme ulikuwa wa kusimuliwa. Jenereta la Muhidini nalo lilikuwa limejengewa zege, halibebeki.

"Dada, mfumo wa kuiendeshea mashine aliouweka kaka yako siujui vizuri," Muhidini alisema. "Si ule wa madukani. Niufute, nikuwekee ule wa watu wote?"

"Ufute na sauti ya kaka yangu? Thubutu!"

Muhidini akacheka kwa aibu, akavuta kiti, akaanza kusoma. Mfumo wenyewe ulikuwa wa bure, umeandikwa na watu wa dunia nzima, na kila kilichoandikwa kiko wazi: anayetaka anasoma, anayeweza anarekebisha. Alikuwa akitafuta ile sehemu inayoichunga betri, inayofifisha kioo na kuilaza mashine bila kuizima isipokuwa na kazi, maana kuamka usingizini hakuli betri kama kuwashwa upya. Laptopu za aina ile, alivyosikia, zilikuwa na ugonjwa: ukizilaza haziamki. Mara akasimamisha kidole kwenye kioo. Akamwita Subira kwa mkono.

Katikati ya Kiingereza chote kile, juu ya maandishi yanayoilaza na kuiamsha mashine, palikuwa na jina: Bwanaheri, Mbuchi, Rufiji.

"Kaka yako ndiye aliyeifundisha kuamka," Muhidini alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Na si hii yako tu. Kila mwenye laptopu ya aina hii na mfumo huu, popote alipo, akiilaza ikaamka, ni kazi ya mtu wa Mbuchi. Jamani, Bwanaheri! Alikuwa kichwa yule!"

Subira alilia palepale dukani, na hakujali nani anamwona. Miaka yote nyumbani walidhani Bwanaheri anachezea mashine tu. Kumbe mwenzao ameacha alama, na jina la kwao ameliandika.

Muhidini aliiwasha kwenye waya, akaiweka sauti tayari, kisha akaifunga ikalala. "Ukifika, funua, bonyeza hapa. Lakini usichelewe. Hata ikilala inakula, kidogo kidogo, kama taa iliyopunguzwa utambi."

Kuanzia gati la Nyamisati Subira aliipakata kwenye boti, ameifunga kanga, macho kwenye kitaa chake kidogo. Alimkuta Bi Fatu amekaa mkekani anasubiri.

"Yuko wapi?"

"Yumo humu mama, amelala."

Lo! Alikusudia kusema imelala, ulimi ukateleza. Bi Fatu akainua mkono. "Amelala? Basi mwache. Mtu katoka safari unamwamsha hajapumzika? Ndivyo nilivyokulea?" Akaichukua, akaitandikia mto, akaifunika kanga yake nzuri. Jirani yao Mwajabu aliyekuja kusikiliza alifukuzwa kwa sababu ya kelele.

Subira alieleza, akabembeleza, wapi! Chini ya kanga kitaa kikaanza kupepesa chekundu. Ikizimika sasa, safari yote imekwenda bure, na afya ya mama haikuwa ya kuahirishiwa mambo.

"Mama, nisikilize. Mashine hii kuweza kuamka ni kazi ya kaka, kwa mkono wake. Fundi kanionyesha jina lake limo ndani, na la Mbuchi limo. Usipoiacha iamke, kazi yake hutaijua."

Bi Fatu akamtazama. "Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, wallahi."

"Haya. Mwamshe. Taratibu."

Subira akafunua. Kioo cheusi. Akasubiri. Cheusi vilevile. Kisha diski ikakoroma, mwanga ukaingia, na kila kitu kikawa pale Muhidini alipokiacha. Akabonyeza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," Bi Fatu akaitikia, akasogeza sikio.

"Mimi sijambo. Huku baridi kali, na wali wao hauna ladha, sikufichi. Lakini kazi yangu watu wanaisifu, mama. Nikija nitakuonyesha."

"Nimeiona baba," Bi Fatu akasema. "Nimeiona."

Mashine ikalia mlio wa kuishiwa. Subira akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzimia.

"Usimzime!" Bi Fatu akamshika mkono. "Mlaze."

Subira akafunga kifuniko polepole. Sauti ingebaki ndani hata betri ikiisha, na Kibiti angerudi. Bi Fatu akairudishia kanga, akaipapasa. Mwajabu akachungulia mlangoni, hawezi kujizuia: "Jamani, kasema nini?"

Bi Fatu akaweka kidole mdomoni.

"Punguza sauti. Mwanangu amelala."