Mkia wa Kipanga

Jumatano iliyofuata mazishi yake, Lyle Ostrander, rubani wa majaribio, aliingia kantini ya kiwanda cha ndege saa ya chakula cha mchana, akachukua sinia, akapanga foleni nyuma ya mafundi wa rangi. Buti zake zilikuwa na udongo wa shamba la viazi alikoangukia na ndege. Mkewe Thelma, aliyerudi kazini mapema kwa sababu alichoka kupokea mabakuli ya tambi kutoka kwa majirani, alikuwa akipakua maini ya kukaanga. Alimtazama kuanzia utosini mpaka kwenye buti.

"Ungejipangusa miguu mlangoni," alimwambia.

"Nisamehe. Nimekuja kwa miguu kutoka shambani kwa Sulewski."

Akamwekea maini na vitunguu vingi, kama alivyopenda.

Hakuna aliyemkataa. Petrillo, fundi wa kupigilia ribiti za mabati ya ndege, ambaye pia alikuwa msemaji wa chama cha wafanyakazi, alisema mkataba hautaji popote kwamba kufa ni kuacha kazi. Ubishi pekee ulihusu mahali pa kuegesha gari la Lyle, maana palikwisha kupewa mtu wa uhasibu, naye hakutaka kuhama.

Kiwanda cha Brandvold kilikuwa na sifa katika kisiwa chote cha Long Island. Mzee Brandvold, fundi wa mashua, aliunda ndege yake ya kwanza ya majini ndani ya ghala la mama mkwe wake, na siku ya kuitoa ikabidi abomoe ukuta. Mama mkwe alimnunia mpaka Jeshi la Wanamaji lilipoagiza nyingine. Ndege ile ya kwanza iliitwa Korongo. Wakati wa vita ikaja ndege ya pili, Membe, nzito kama jiko la chuma. Marubani walilalamika kwamba kuigeuza ni kama kugeuza kabati, lakini waliipenda. Vita vilipokwisha, ndege za kuendeshwa na pangaboi zikapitwa na wakati, na mhandisi mkuu mpya, Conrad Fenwick, akachora ndege ya jeti, nyembamba, nzuri mno, hata watu wakawa wanawapeleka watoto wao kuitazama Jumapili baada ya kanisa. Hiyo ndiyo Kipanga, na ndiyo iliyomuua Lyle.

Lyle hakuwa amerudi kwa ajili ya maini. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba ajali ilitokana na kosa la rubani. Kinyozi wa mjini alikwisha kuanza kusimulia jinsi Lyle alivyokuwa akijionyesha, na kanisani wanawake walimpa Thelma pole kwa sauti wanayotumia kwa wajane wa walevi. Kwa hiyo Lyle alipomaliza kula alipanda ofisini kwa Fenwick, akamweleza kwamba Kipanga ikipiga mbizi kwa kasi, mkia hutetemeka, halafu hung'oka.

"Nina hakika, Conrad. Niliuona ukinipita."

Fenwick alikuwa mtu mpole. Alimmiminia kahawa, akasema anamwamini kabisa. Ila kuchora mkia upya kungechukua miaka, na huko California kuna washindani wanaoomba usiku na mchana Brandvold wachelewe. Kisha akauliza, kwa haya kidogo, kama Lyle bado anaweza kurusha ndege.

Lyle alipenda kuruka kuliko alivyopenda kitu chochote, na Thelma alilijua hilo tangu uchumba. Alikubali kwa sharti moja: wakiuona mkia uking'oka, wafute yale maneno ya kosa la rubani. Fenwick akampa mkono.

Wakampa Kipanga nyingine. Mkia uling'okea juu ya ghuba, naye akafika kantini wakati wa supu, amelowa, ana mwani begani. Akatoa taarifa yake. Wakampa nyingine, ikaanguka kwa Sulewski tena, na Sulewski akamleta mwenyewe kwa lori, akaomba kampuni iwe inamjulisha mapema kwa sababu ni msimu wa kupanda. Ikaendelea hivyo majira yote ya kuchipua. Jioni Thelma alianika soksi za mumewe juu ya jiko.

Mwezi Juni walikuja maofisa wa Jeshi la Wanamaji kuuliza majaribio yamekwendaje. Fenwick aliwajibu ukweli mtupu: katika kila safari, rubani alirudi na akala chakula chake. Wakamwona Lyle mezani kwa macho yao. Mmoja alimpa mkono, akauona wa baridi, akamshauri avae glavu. Kisha wakasaini oda ya Kipanga.

Fenwick alitimiza ahadi. Yale maneno ya kosa la rubani yalifutwa. Tangazo jipya lilisema hapakuwa na kosa la mtu wala la ndege, kwa kuwa hakuna aliyepotea. Kinyozi akaanza kumsifu Lyle, na kampuni ikamwomba Thelma kwa adabu aliondoe lile jiwe la kaburi.

Thelma alimngoja Fenwick kwenye foleni ya chakula, akamshikilia sinia.

"Bwana Fenwick, mume wangu amekufa kwa mkia wenu. Amekufa tena na tena."

"Na kila mara amerudi, bibie," alisema Fenwick, bila ubaya wowote. "Unajua ndege ngapi zinazoweza kusifiwa hivyo?"

Thelma alimwachia sinia. Siku hiyo alimkataza Lyle kuruka, na Lyle akatii. Alikaa kwenye ngazi za nyuma ya jiko la kantini akimenya viazi.

"Nilitaka waseme mkia," alimwambia mkewe. "Wamesema kila kitu isipokuwa mkia."

Kiangazi kilipofika, vijana, marubani wa Jeshi la Wanamaji, walianza kukatiza shamba la Sulewski mchana, wamevaa nguo za urubani zinazochuruzika maji ya bahari. Walitoka Ohio, walitoka Georgia, na wote walivua kofia wakauliza kantini iko wapi. Lyle aliwapokea mlangoni, akamuuliza kila mmoja neno moja tu, "Mkia?" nao wakaitikia kwa kichwa. Petrillo aliunganisha meza, halafu akabomoa ukuta wa stoo. Thelma akaomba sufuria kubwa zaidi, na kampuni haikumnyima.

Maofisa waliporudi walikuta kantini imejaa vijana wanaokula. Wakafurahi. Mmoja wao alichukua kipande cha pai ya matufaha, akaona kiti kitupu karibu na dirisha, akakivuta akae.

"Hapo pana mtu," Thelma alimwambia. "Hajafika bado."

Ofisa akaomba radhi, akala pai yake amesimama, na kabla kahawa haijapoa akasaini oda ya Kipanga nyingine.