Lenzi Inayoonyesha Miti

Afkar alikuwa amepanga lenzi tatu juu ya kaunta ya Lamii, muuza kamera, akizipima uzito moja moja. Alikuwa mwanamke mfamasia mstaafu mwenye kiganja kinachouma, na alitaka kitu chepesi cha kutembea nacho asubuhi mtaani kwao, hapo Kairo, apige picha za paka na roshani.

"Hii inavuta mbali," Lamii alisema, "lakini dokta, ukiivaa shingoni utadhani umebeba mtungi wa gesi."

"Na hii ndogo?"

"Milimita thelathini na tano. Hata penye giza kidogo inapiga. Kasoro yake moja tu: inaonyesha miti."

"Miti gani?"

"Iliyokatwa."

Afkar aliifunga kwenye kamera, akasimama mlangoni na kuchungulia. Palipojengwa vibanda vya kahawa vya zege, mijakaranda ilikuwa imechanua.

"Pete ya kulengea imekaza," alisema.

"Nitaitia mafuta. Na bei nakupunguzia."

Mtaani kwao ilikatwa miti sitini na miwili kwa siku mbili, eti barabara ipanuliwe. Barabara haikupanuliwa, vibanda ndivyo vilivyopangishwa. Afkar aliipiga picha yote. Kila alipolenga, kivuli kilimpoza shingo na maua ya zambarau yakamwangukia mabegani. Aliposhusha kamera, jua lilimchoma palepale.

Jirani yake Insaf aliomba kuangalia. Mumewe alikuwa ameanguka kwa joto mwezi Juni akisubiri basi, akafa. Insaf alielekeza kamera kituoni, akatazama kwa muda mrefu.

"Mti upo. Yeye simwoni."

"Inaonyesha miti tu, shoga."

"Basi twende tukawaonyeshe walichofanya."

Walipeleka picha sitini na mbili pamoja na malalamiko kwenye ofisi inayoshughulikia barabara. Ofisa, bwana mmoja aliyeitwa Shauki, alizitazama zote bila haraka.

"Picha safi. Umetumia lenzi gani?"

"Thelathini na tano."

"Mimi napenda hamsini. Hiyo pana mno kwangu." Akachukua muhuri. "Kwa hiyo miti ipo."

"Ipo wapi?" Insaf alipiga meza. "Mume wangu amekufa juani, wewe mwanamume!"

"Mungu amrehemu, mama. Lakini picha mmezileta wenyewe."

Jumatatu misumeno iliingia mtaa wa nyuma. Kibali kilisema eneo lina miti ya kutosha, na picha za Afkar zilikuwa zimebanwa nyuma yake. Insaf aliketi chini ya mti wa kwanza, akawatukana wakataji mpaka sauti ikamkauka. Wao walikula bajia za dengu, wakamsubiri. Saa saba alikwenda kunywa maji. Aliporudi, walikuwa wameshaukata.

Afkar alikuwa ameupiga picha mti huo kabla na baada. Picha zote mbili zilifanana.