Mna Nini?

Dada yangu huweka nondo juu ya bomba, huweka sikio juu ya nondo, kisha hufumba macho. Hapo usimsemeshe. Ukimsemesha atakuinulia kidole kimoja, na ukiongeza neno la pili utaijua ile nondo ina uzito gani. Kwa miaka ishirini na sita amefanya hivyo alfajiri, kabla magari hayajaamka, mtaa kwa mtaa, akitafuta maji ya halmashauri yanapopotelea chini ya lami. Akisema "chimbeni hapa," wanachimba, na maji wanayakuta. Mji mzima unamwita Sikio. Hata marehemu mumewe alimwita hivyo, ingawa alilalamika kwamba likifika nyumbani sikio lenyewe halisikii.

Jumatatu walimpa barua. Nafasi ya msikilizaji wa mabomba inafutwa mwisho wa mwezi, kwa kuwa mji dada unatuletea mashine ya kusikiliza.

Mji dada! Mimi dada yangu ni mmoja tu, na ndiye huyo aliyepewa barua. Lakini halmashauri yetu ina dada mwingine ng'ambo, tangu mkataba uliosainiwa miaka kumi na tisa iliyopita. Mimi huwaandikia watu barua kwa taipureta nje ya lango la halmashauri, barua za malalamiko hasa, na watu wananiita Faili kwa sababu sisahau. Sisahau gari la zimamoto ambalo mpira wake wa maji haukuingiana na bomba hata moja la mji huu. Leo kuku wanataga chini yake. Sisahau makasha mawili ya buti za theluji. Sisahau mashine ya kufagia barabara iliyomeza kokoto siku ya kwanza ikafa palepale, na wakubwa wakaendelea kuipigia makofi ikiwa maiti, maana mpiga picha alikuwa hajamaliza. Na kifungu cha tatu cha mkataba ninacho kichwani neno kwa neno: kila upande utaufundisha mwenzake kile unachokijua. Miaka kumi na tisa wao wanaleta, sisi tunashukuru. Kufundisha tumemfundisha nani?

"Kesho wageni wa mji dada wakija naingia ukumbini," nilimwambia dada.

"Kufanya nini?"

"Kusema."

Alikuwa akipaka magoti dawa ya kuchua. Hakuinua uso. "Mdogo wangu, wewe ukianza kusema watu hutafuta viatu vyao."

"Wanakufukuza, dada!"

"Kuondoka nitaondoka tu. Magoti haya hayana miaka mingi ya kupigia lami. Mimi nataka kitu kimoja. Wanipe watu wawili niwafundishe. Nimeomba mara nne, Karani ananiambia tusubiri. Sasa mashine ikija, nani atanipa watu? Nitazikwa na masikio yangu, basi." Akafunga kopo. "Ukisema, sema hilo. Habari za kuku na zimamoto ziache nyumbani."

Nikaitikia. Lakini kuahidi na kunyamaza ni ndugu wasiosalimiana.

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa umefuliwa mapazia. Viti vya plastiki vilipangwa kwa mstari, na juu ya meza ya mbele lilikaa sanduku la kijivu limefunikwa kitambaa cheupe kama bibi harusi. Ndiyo mashine yenyewe. Wageni walikuwa watatu: mkuu wa mji wao, fundi wao wa maji, aliyekuwa mtu mnene mwenye makovu kwenye vidole, na mkalimani, bibi mwembamba mwenye mvi, aliyejifunza lugha yetu vitabuni kwa kuipenda tu. Alizungumza taratibu kama mtu aliyebeba mayai.

Karani Mkuu akasoma shukrani. Zilikuwa ndefu. Alipogeuza ukurasa wa nne nikasimama.

"Bwana Karani, samahani. Mimi nina swali kwa wageni."

"Bwana Faili, maswali yatafuata."

"Yanafuata tangu miaka kumi na tisa, na hayajafika."

Watu wakacheka. Dada, aliyesimama mlangoni na nondo yake, aliinamisha kichwa. Nikasema nilivyoahidi kutosema: gari, buti, fagio lililokufa. Nikasoma kifungu cha tatu bila karatasi. Nikamaliza hivi: "Mnatuletea kila mwaka. Ni lini mmewahi kutuuliza sisi tuna nini cha kuwapa?"

Bibi mkalimani aliwatafsiria wenzake, kisha akanigeukia. Hakuwa amekasirika. Alionekana kama mtu aliyepotea njia.

"Ndugu, tumeuliza," akasema. "Kila mwaka. Barua naandika mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

"Mnauliza vipi?"

"Nauliza: mna nini?"

Kisha mama mmoja wa mistari ya nyuma akapasuka kicheko. "Ee bibi wee! Huku ukimwambia mtu 'una nini' anakuonyesha panapomuuma!"

Bibi akamgeukia. "Siyo mnamiliki nini? Mna ujuzi gani?"

"Ni hivyo pia," mama yule akamjibu kwa upole. "Lakini barua ikitoka kwa mkubwa, mtu anafikiria ugonjwa kwanza."

Karani, kwa kutaka kutetea ofisi yake, akaagiza faili. Ingekuwa heri asingeagiza. Barua za kila mwaka zilikuwemo, na chini ya kila moja nakala ya jibu letu. Akasoma ya juu. "Tuna upotevu wa maji. Tuna mabomba yaliyochakaa." Watu wakatazama lile sanduku la kijivu. Akasoma nyingine. "Tuna barabara chafu." Akaendelea. "Tuna wafagiaji wasio na viatu, na asubuhi kuna baridi."

"Buti!" mtu akapiga kelele, na ukumbi wote ukaanguka kwa kicheko. Hata mkuu wa mji wao alicheka alipotafsiriwa. Fundi wao hakucheka. Alikuwa akiitazama nondo mlangoni.

Mimi nilicheka kuliko wote. Nikanyoosha shingo nione jibu la kwanza kabisa, lile la chini, ambalo yaliyofuata yote yalinakiliwa kutoka kwake, mwaka hadi mwaka, kwa kubadilisha tarehe. Kurasa mbili za taipureta. Kila herufi ya e imeruka juu ya mstari, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Kicheko kikanikauka.

"Hiyo e naijua," akasema dada, aliyekuwa amesogea kutoka mlangoni kuchungulia.

Mji huu taipureta yenye e inayoruka ni moja tu, na iko nyumbani kwangu. Nikakumbuka, mimi Faili. Karani wa zamani alitoka getini na barua, hajui ajibu nini. Niliisoma nikawaka. Wanatuuliza tuna nini? Wametuona vichaa? Basi wataambiwa! Nikapiga kurasa mbili kwa dakika kumi, kila kidonda cha mji huu kimo, naye akasaini bila kusoma. Nilitembea wiki nzima kifua mbele. Kisha nikasahau. Ya wengine yote nimeyahifadhi, hilo moja nikalisahau.

"Ni mimi niliyeandika," nikasema. Ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa pale.

Fundi akamnong'oneza bibi. Bibi akasimama, safari hii akichagua maneno kama anayevuka mto kwa mawe. "Anauliza huyu mama anafanyia nini chuma hicho. Anasema babu yake alikuwa na fimbo kama hiyo, ya mbao. Mashine inawaambia pana sauti. Haiwaambii ni sauti ya nini. Waliokuwa wakijua wamestaafu, na hawakumwachia mtu ujuzi wao."

Dada hakuwa na hotuba. Alitoka, nasi tukamfuata hadi bomba la uani. Akamwekea fundi nondo sikioni, akaagiza maji ya bustani yafunguliwe mbali kule.

"Bomba lililofunguliwa linapumua," akasema, bibi akitafsiri. "Linapanda, linashuka. Linalovuja halipumui. Ni kama mtu anayesema 'shhh' asiyeishiwa pumzi. Sikiliza chini ya ile sauti kubwa."

Mtu mnene yule akapiga magoti kwenye saruji na suti yake. Akaonyesha kushoto. Dada akamwinulia kidole kimoja. Akasikiliza tena, muda mrefu, akaonyesha kwenye ukuta wa ofisi ya Karani.

"Enhe," akasema dada. "Huko nimewaambia tangu mwaka juzi."

Wakamwomba aende kwao miezi mitatu kufundisha. Karani akafurahi, halafu uso ukambadilika: mkataba unasema anayekwenda awe mtumishi wa halmashauri, na nafasi ya dada alikuwa ameifuta kwa kalamu yake mwenyewe.

"Barua tutaiondoa," akasema akikohoa.

"Iondoe," dada akajibu. "Lakini siendi popote kabla hujanipa watu wawili. Nikifia huko ng'ambo, nani atasikiliza huu ukuta wako?"

Alipewa siku ile ile, mbele ya wageni: mwanamke mmoja wa kusoma mita na fundi mmoja wa bomba.

Jibu la mwaka huu nimepewa mimi niliandike, kama adhabu, nadhani. Bibi ameandika upya: "Mnajua kufanya nini, ambacho sisi hatukijui?" Shida zetu mwaka ule zilinichukua dakika kumi. Hili lina siku ya tatu. Nimekaa na dada mezani, karatasi iko kwenye taipureta, na tuna mistari miwili tu. Hasira ninayo bado, na chini ya lile gari la zimamoto kuku bado wanataga. Lakini kila nikitaka kuandika tunachokosa, dada ananiinulia kidole.

"Usiandike," ananiambia. "Sikiliza kwanza."