Mdomo wa Mama Yake Martine

Kwa miaka kumi na tisa, aliyetaka kuchorwa sura pale Bwera, mpakani, alielekezwa kwa Sosthène. Alikuja kutoka Butembo na brashi tatu, akajijengea jina. Kisha akamfundisha kazi Aimée, msichana wa jirani, na haikupita miaka miwili wateja wakaanza kuuliza, "Yule binti yuko wapi?"

Swali hilo lilimuuma kuliko tusi.

Siku moja Martine, muuza vitenge kutoka ng'ambo ya mpaka, alileta picha ya kitambulisho cha marehemu mama yake, ndogo na iliyofifia. Sosthène akanyoosha mkono kuipokea. Martine akampa Aimée.

Sosthène alizoea kupima kila pua kwa rula. Aimée alimwomba tu Martine asimulie habari za mama yake, naye akawa anamtazama Martine mwenyewe akiongea, akiokota usoni mwa binti kile kilichofutika pichani. Siku ya nne, bibi yule alikuwa hai kwenye turubai, kama mtu aliyebanwa na kicheko. Sosthène aliitazama kwa wivu.

Aimée alipokwenda Kasese kununua rangi, Sosthène alichukua brashi. Akakaza pembe za mdomo, kidogo tu. Nani angegundua?

Kesho yake Martine alisimama mbele ya turubai muda mrefu.

"Huyu haiko mama," akasema. "Macho iko yake. Lakini huu mudomo..." Akageuka, akamtazama Sosthène, akarudi kwenye picha, kisha tena kwa Sosthène. "Papa Sosthène, huu mudomo iko yako!"

Aimée akasogea kuangalia. Ilikuwa kweli. Bila rula, mkono wa mzee ulikuwa umechora sura uliyoizoea kuliko zote.

"Ni mimi," Sosthène akasema kwa sauti ya chini. "Niliigusa jana."

Aimée alimkalisha Martine kwenye kigoda. "Mama, niambie tena ile ya mama yako na mbuzi wa padri."

Martine akaanza kusimulia, akacheka huku machozi yakimtoka, na brashi ikapita mara tatu, nne. Bibi akarudi.

Sosthène alifuata kwa macho kila mpigo wa brashi. Angeweza kuuliza inafanywaje. Wivu uleule ukamzuia.

Mwezi uliofuata Aimée alifungua chumba chake cha kuchorea Kasese. Sosthène alimbebea turubai hadi kwenye gari, akamtakia heri, na neno hilo lilimtoka kwa shida.